Mguu Uliomshinda Baba

Mtu akiniambia tena kwamba mikutano ya mafundi ni ya kula posho na kunywa soda, nitamjibu vibaya. Nasema mapema ili asije akashangaa. Nimeshawajibu vibaya akina mama wa dagaa pale Katonga, nimemjibu vibaya shemeji yangu, na mama yangu mzazi nilimjibu nusu, nusu nyingine nikaimeza kwa sababu ni mama. Nilikwenda kwenye mkutano wa mafundi wa kwato pale Ujiji nikiwa na mtoto mgongoni na hasira kifuani, na nilichotoka nacho nisingekipata hata kama ningekaa zizini na baba yangu mpaka nizeeke.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kwetu Kigoma punda si wengi. Sisi ni watu wa mitumbwi, baiskeli na bodaboda. Punda akipita Gungu watoto wanaacha mpira na kumfuata. Lakini baba yangu katika ujana wake alifanya kazi Singida, ambako punda ni kama kuku, na aliporudi nyumbani alirudi na ufundi wa kukata kwato na mapenzi ya punda. Tangu hapo zizi letu halijawahi kukaa tupu. Punda wetu wamebeba magunia ya dagaa kutoka Katonga, wamebeba mchanga, matofali, na madumu ya maji mabomba yanapokauka. Na wale wachache wenye punda mjini humu, na wengine mpaka njia ya kupanda Kalinzi, wakiona mnyama anachechemea humwita baba.

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kumfanya mtu atazame bati, nikaanza kumshikia baba kamba. Halafu mgongo wake ukakataa kuinama, nikashika kisu. Mpaka leo wapo wanaume wanaoniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" wakati huo mguu wa punda wao uko mapajani mwangu na tupa iko mkononi. Mume wangu yuko ziwani na wenzake wa dagaa, hana neno na kazi yangu. Wenye neno ni hao wengine.

Punda wetu wa sasa ni jike, wa kijivu, ana ule mstari mweusi wa msalaba mgongoni na macho ya mtu aliyekwisha kusamehe. Mama humwita mke mwenza. "Baba yenu akitoka msikitini anamsalimia kwanza mke mwenzangu," husema, "mimi nasubiri zamu." Na ni kweli. Kila Ijumaa baba akirudi, kabla hajavua kanzu, alichukua kopo la mawese na kitambaa, akachuchumaa kwa shida, akampaka yule punda kwato zote nne, taratibu, mpaka zikang'aa wekundu. Singida hawakumfundisha hilo. Singida mawese wayatoe wapi? Hilo lilikuwa lake mwenyewe.

"Kitu cha mtu hupakwa mafuta," alisema.

Wakati huohuo ndani mama anampaka mwanangu mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mgongo, mapaja, vidole kimoja kimoja, mpaka mtoto anateleza mikononi kama kambale. Nje mtu anapaka, ndani mtu anapaka. Mimi pia nilipakwa hivyo. Kwetu, kama hujapakwa mafuta, hujapendwa.

Sasa, ziwa limepanda. Kila mtu wa pwani hii anajua. Pale Katonga tulipokuwa tunamsimamisha punda kwenye mchanga mkavu, siku hizi ni maji. Mitumbwi inakuja mpaka karibu na vibanda, na punda akisubiri mzigo anasimama kwenye maji na matope asubuhi nzima. Mvua zilipozidi, akaanza kuweka mguu wa mbele wa kushoto kwa hadhari, kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Punda hapigi kelele ya maumivu. Ukiona amechechemea ujue ameumia siku nyingi. Nikamwinua ule mguu, nikachokonoa tope. Harufu iliyotoka sitaisahau. Ile sehemu laini ya pembetatu katikati ya unyayo ilikuwa nyeusi, inabonyea kama papai lililolala.

Nikasafisha, nikakata kilichooza. Ijumaa baba akapaka mawese. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, ikazidi. Nikakata tena. Baba akapaka tena, safari hii mara mbili kwa wiki. Harufu ikawa inatutangulia njiani.

"Mtoe huyo hapa!" alinipigia kelele mama mmoja wa Katonga, mteja wetu wa siku nyingi. "Dagaa wangu watanuka kwato, nitamuuzia nani?"

"Dagaa wako na wenyewe si marashi," nikamwambia. Lakini mzigo wa kubeba hakutupatia tena. Wala wenzake.

Ndipo akaja yule mnunuzi. Mnamjua wa aina yake: hununua punda wabovu kwa bei ya huruma na kuwapeleka asikokutaja, wengine husema ngozi, wengine husema nyama. Alisimama mlangoni kwetu akiwa ameziba pua kwa kiganja, akazungumza na baba kwa upole kama mtu aliyekuja msibani. Alipoondoka, baba akasema atakuja kumchukua mwisho wa mwezi.

"Umemuuza?" nikamuuliza.

"Bado. Nimempa neno."

"Baba, huyo anakwenda kuchinjwa!"

"Na hapa anafanya nini?" Hakunitazama. "Mnyama anayeoza akiwa hai, mwanangu, kumwangalia tu ni dhambi. Nimefanya yote ninayojua."

Hapo ndipo hasira iliponishika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Alikuwa amefanya yote aliyoyajua. Na yote niliyoyajua mimi yalitoka kwake. Tulikuwa vichwa viwili vyenye akili moja, na ile akili ilikuwa imefika ukingoni.

Habari za mkutano aliniletea afisa mifugo wa kata. Mafundi wa kwato kutoka mikoa mbalimbali hukutana kila mwaka, na mwaka huu zamu ilikuwa yetu, kwenye ukumbi mmoja wa Ujiji. Nikamwambia baba twende wote.

"Fundi yuko zizini, hayuko ukumbini," akasema. "Huko watawapa kalamu na soda, mtapiga picha, mtarudi."

"Basi nitaleta kalamu."

Nikamfunga mtoto mgongoni nikaondoka. Kijana wa mapokezi akaniangalia juu mpaka chini. "Dada, watoto hawaruhusiwi ukumbini."

"Ananyonya."

"Naelewa, lakini ndio utaratibu."

"Sawa. Na maziwa yake nayo niyaache hapa mezani?"

Nyuma yake alitokea mama mmoja mnene wa mikono mipana, kisu cha kwato kimechomoza kwenye mfuko wa koti lake, akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye alikuwa mkufunzi wetu, mtu wa Dodoma. Akamchukua mtoto kutoka mgongoni mwangu kama aliyekuwa akimsubiri, akamnusa utosini. "Huyu amepakwa nini huyu? Ananukia vizuri. Pita mwanangu, ukakae mbele."

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani watasimama watu wenye tai watuonyeshe picha ukutani. Badala yake yule mama akasema wao wana desturi yao: kabla fundi hajasema anachokijua, anataja mguu uliomshinda. Kila mtu, mzee kwa kijana. Hakuna kumcheka mwenzako, hakuna kumpa dawa mpaka amalize.

Wakaanza. Mmoja alikata ukwato mfupi mno, punda akatembea na damu mpaka mnadani. Mwingine aliwapokea punda wawili walioishi pamoja tangu utoto, akamtibu mmoja mbali na mwenzake, na aliyebaki akagoma kula. Mama mmoja mdogo kama mimi alisema mguu uliomshinda ni ule uliompiga teke tumboni akiwa mjamzito, na kwamba mpaka leo akishika mguu wa nyuma mikono humtetemeka. Hakuna aliyecheka. Mtu mzima mwenye ndevu alifuta macho.

Mimi katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kukaa chumba kimoja na fundi mwingine wa kwato zaidi ya baba. Nilidhani kazi hii ni ya kwetu peke yetu, kama kovu. Nikawasikia watu wanasema kuhusu kisu, kuhusu mgongo, kuhusu wenye punda wanaokuita baada ya mnyama kuanguka halafu wanakulaumu wewe, nikaona kumbe nina ukoo mzima sikuwa naujua. Zamu yangu ilipofika nikasema: mguu ulionishinda ni wa mbele wa kushoto, wa punda wetu, unaoza, nikikata unaoza tena, na mwisho wa mwezi anakuja kuchukuliwa. Nikaketi. Habari ya mawese sikuisema, kwa sababu sikujua kwamba ni habari. Nani anataja kwamba anaoga?

"Kesho ni vitendo," mkufunzi akasema. "Tutauona huo mguu."

Hapo waandaaji wakaanza kutazamana. Kumbe walikuwa wamesahau jambo moja dogo. Mikutano mingine yote ilifanyika kwenye mikoa ya punda. Ukitaka punda unatoka nje unamshika. Hapa Ujiji walitoka nje wakakuta bodaboda. Mkutano wa kwato hauna kwato! Mzee mmoja wa Singida, wa mvi nyingi kuliko wote, akasema, "Tukikosa kabisa, tutamkata kucha mwenyekiti."

Nikarudi nyumbani kumwomba baba.

"Punda wangu si maonyesho."

"Baba, hawana mwingine."

"Wataalamu wote hao hawana punda?" Nikamwona anafurahi, hata kama alijitahidi kununa. Halafu akauliza, "Wa Singida wapo?"

"Yupo mzee mmoja."

"Nitampeleka mwenyewe," akasema. "Ninyi hamjui kumtembeza."

Asubuhi mimi nilitangulia. Tulikuwa tumesimama wote kwenye uwanja wa nyuma wa ukumbi, ziwa linaonekana kati ya michikichi, alipoingia. Nataka mmwone kama nilivyomwona. Amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku hiyo haikuwa Ijumaa. Kofia imenyooshwa. Amemshika punda kamba fupi, anatembea kwa hatua za yule mgonjwa. Na zile kwato! Alizipaka mawese mpaka zilikuwa zinadondosha. Zilikuwa zinang'aa jua lote la Ujiji. Kopo lenyewe alikuwa nalo mkono wa pili, akiba.

Alikuwa amempamba kama bibi harusi, ili awape wageni heshima.

Mkufunzi akamsalimia shikamoo, akainama, akainua ule mguu. Alipouachia, vidole vyake vilikuwa vyekundu. Akavitazama. Watu wote wakavitazama. Na mimi nikajua kabla hajafungua mdomo. Nilijua pale pale, jinsi unavyojua kikombe kimevunjika kabla hakijafika chini.

Halafu kijana mmoja aliyezoea farasi wa watalii huko Arusha, mwenye buti nzuri, akasema, "Mzee, sasa huyu tumtibu au tumkaange?"

Wachache wakacheka. Mimi nilishaanza kumwendea, mtoto kiunoni na yote, na sijui ningemfanya nini. Mkufunzi akaniwahi. Hakupandisha hata sauti. "Wewe jana ulitaja mguu gani?"

"Mimi... sijapata bado wa kunishinda."

"Utakuja. Kwa sasa nenda kachote maji."

Baba alikuwa amesimama vilevile, kopo mkononi. Sijawahi kumwona mdogo hivyo. Ndipo mzee wa Singida akasogea, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mwenzangu," akasema, "shikamoo hupati kwangu na mimi sipati kwako, mvi zimelingana. Nikwambie mguu wangu. Mimi nilipaka oili chafu ya trekta. Dereva mmoja aliniambia inakaza ukwato, nikamwamini, maana alikuwa na trekta. Nikapaka punda wa nani? Wa mama mkwe. Juu paling'aa kama kiatu cha bwana harusi, chini panaoza. Alipokuja kulala chini hakuinuka. Mama mkwe hakusema kitu. Mpaka anakufa, kila nikienda kumwamkia, ananiuliza, 'Baba, trekta hajambo?'"

Baba akacheka. Hakutaka, ikamtoka puani. Wakashikana mikono, na yule mzee hakuuachia mkono wake wakati mkufunzi akieleza, polepole, akituelekea sote, wala si baba peke yake. Punda ni kiumbe wa nchi kavu, ukwato wake unafyonza maji upesi. Vidudu vinavyoozesha kwato haviipendi hewa. Kwenye mchanga mkavu, mafuta hayadhuru sana. Lakini mnyama akishinda kwenye maji, tope likaingia, halafu ukaziba kwa mafuta, umevijengea hivyo vidudu nyumba na kuvifungia mlango.

Baba alitazama lile kopo.

"Mguu ulionishinda," akasema, "ni huu." "Mimi niliona unanuka, nikasema labda simpaki vya kutosha. Kila uliponuka, niliongeza."

Ninyi mnaosema posho na soda, hapo ndipo ningetaka muwepo. Mngeona watu wazima wenye mikono migumu wanavyotazama chini kwa heshima. Nyumbani nisingeweza kumwambia baba neno hilo. Ningemwambia kwa hasira, kama nilivyozoea, naye angeniambia nimeanza kusoma juzi. Ilihitaji mkufunzi asiye mtoto wake, na mzee mwenye aibu yake mwenyewe ya kumpa, na watu wote wale waliokwisha kuvua kofia zao jana yake. Kitu hicho hakiletwi na mvuvi mmoja kwenye mtumbwi wake.

Tukafanya kazi. Mkufunzi alinipa kisu mimi, akanionyesha kukata mpaka kwenye nyama hai iliyo safi, si kuishia pale jicho linapotosheka kama nilivyofanya. Tuliosha kwa maji ya chumvi, tukakausha kwa kitambaa, tukaacha wazi. Na hatukumwangusha chini na kumfunga miguu kama tunavyofanya kwetu kazi ya kukata ikiwa kubwa. Alisimama mwenyewe, baba ameshika kichwa chake, anamsemesha Kiha sikioni. Maneno niliyasikia. Alikuwa anamwomba radhi.

Yule kijana wa Arusha alileta maji, na baadaye akaja kumshika baba mkono. "Nisamehe mzee." Baba akamwambia, "Farasi sijawahi kumwona. Wanapakwa nini?" Wakakaa chini ya ukuta mpaka chakula kikaiva, ugali wa muhogo na migebuka, wageni wa Dodoma na Singida wanapambana na miba huku wenyeji tunawacheka.

Tulirudi Gungu kwa miguu. Njiani baba akauliza, "Kwa hiyo na wale wa zamani niliwaumiza?"

"Zamani kulikuwa na mchanga mkavu, Baba. Ziwa ndilo limetugeuka."

"Usinipoze."

"Sikupozi. Mkufunzi amesema, umesikia mwenyewe."

Akatembea kidogo. "Yule mama anajua kazi," akasema. Kutoka kwa baba yangu, hiyo ni hotuba.

Tangu siku hiyo punda hasimami majini. Nimegombana na nusu ya Katonga, lakini mzigo unaletwa juu penye ukavu, na asiyetaka abebe kichwani. Zizini tumemwaga mchanga mkavu. Kila jioni nainua miguu yote, nasafisha, nakausha.

Ijumaa ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu. Baba alirudi msikitini, kwa mazoea akachukua kopo na kitambaa, akafika mlangoni mwa zizi, akasimama. Hakujua pa kuyapeleka yale mafuta. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaona mabega yake kwa nyuma, nikamkasirikia Mungu, ziwa na kila kitu. Mama akatoka na mwanangu mkononi, uchi, nusu amepakwa, akasema, "Mke mwenzangu leo hana zamu. Njoo unimalizie huyu, mimi mgongo unauma." Mgongo wake haukuwa na kitu. Baba akaja, akakaa kwenye mkeka na kanzu yake, akampaka mjukuu miguu, kidole kwa kidole, taratibu, kama alivyokuwa akipaka kwato. Mtoto akacheka. Yale mawese ya kwenye kopo alipaka mikanda ya ngozi ya kubebea mizigo, na sasa ndiyo desturi.

Mwisho wa mwezi mnunuzi akaja, kamba yake begani, kiganja tayari kimeshapanda puani. Baba alikuwa zizini. Hakumkaribisha kiti. Alimshika punda mguu wa mbele wa kushoto, akauinua mwenyewe, na mgongo wake ule mbovu, akauelekeza kwa yule mtu.

"Nusa," akasema.

"Mzee, mimi nimekuja kwa lile neno letu."

"Nusa kwanza."

Yule mtu akanitazama mimi, nami nikamtazama kwa lile jicho langu. Akaondoa kiganja puani, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Sisikii kitu," akasema.

"Haya," baba akasema, akiuteremsha ule mguu polepole mpaka ukagusa mchanga. "Neno letu lilikuwa la punda anayenuka. Katafute mwingine."